Somo: Kurudisha uhai wa vifaa vya baba fundi bila kufuta alama za mikono yake

Seremala akifariki, nguo zake hugawiwa mapema, lakini sanduku la vifaa hubaki stoo likila kutu. Kwa baba aliyeazima watu randa bila kinyongo na kwenda porini na shoka begani kila alipopata nafasi, hakuna kumbukumbu iliyo karibu naye kuliko vyuma hivyo. Somo hili ni la kuvirudisha kazini. Hatutafuti kung'arisha viwe kama vya dukani. Tunataka kutu ikome, makali yarudi, na pale mpini ulipolika kwa kidole gumba chake pabaki vilevile.

Kabla ya kutoa chochote

Piga picha sanduku likiwa wazi, kutoka juu, kila kitu kikiwa mahali alipokiweka. Fundi hupanga vifaa kwa jinsi mkono wake unavyovifikia, na mpangilio huo ukivurugwa haurudi tena. Kisha piga kila kifaa pande zote mbili. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele: mwanga wa pembeni huibua herufi zilizochongwa kwenye mpini na vipimo vya penseli ndani ya mfuniko ambavyo macho hayavioni. Maandishi ya penseli usiyafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, wala usiyapitishie vanishi, kwani brashi huyaburura.

Mtu mkarimu huazima na huazimwa. Ukikuta alama isiyo yake, weka kifaa hicho kando kirudi kwa mwenyewe kabla ya kuanza mgawo wowote.

Kutu

Kutu nyepesi, ile ya unga wa rangi ya machungwa, huondoka kwa mafuta ya taa na brashi laini ya waya. Ifuate na msasa namba 400 uliolowa mafuta hayo hayo. Fanyia kazi nje, mbali na moto. Kwenye bapa la msumeno, zungushia msasa kipande cha mbao bapa na usugue kwa kufuata urefu; ukisugua kwa vidole utachimba mabonde, na nembo ya kiwanda iliyochorwa kwenye chuma itatoweka.

Kutu nene inahitaji siki nyeupe ya asilimia 5. Vua mpini kwanza, au acha mbao nje ya siki kabisa. Zamisha chuma saa 12 hadi 24, ukikikagua kila baada ya saa chache, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Kikitoka, kisugue, kisuuze, kisha kiweke dakika kumi kwenye maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha baking soda kwa kila lita ili kuua asidi. Kausha hapo hapo na upake mafuta ya mashine. Ukikiacha kikauke chenyewe, kutu mpya itakirudia kabla hujamaliza kufuta meza. Shaba na vyuma vilivyopakwa zinki havitiwi kwenye siki. Mwili wa randa ya chuma cha kalibu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa) nao usiloweke usiku kucha; utabaki na weusi usiotoka.

Makali

Hapa ndipo wengi wanapofuta kazi ya marehemu bila kujua. Ukitoa kisu cha randa ukaona makali yake yamepinda kama upinde mdogo, pembe zikiwa chini kuliko katikati, usikimbilie kuyanyoosha. Mara nyingi fundi ameyapinda makusudi: kisu cha hivyo hung'oa mbao nyingi kwa mkupuo bila pembe kuchana mistari. Weka makali juu ya karatasi, chora umbo lake kwa penseli, na unoe ukilifuata.

Patasi za kazi ya kawaida huchongwa kwa nyuzi 25, kisha ncha humaliziwa kwa nyuzi 30. Kama huna kipimo cha pembe, tumia rula. Patasi yenye unene wa milimita 4 ikiwa na uso wa mwinamo (ule uliochongwa mshazari) wenye urefu wa milimita 9.5, hiyo ni nyuzi 25. Ukiwa milimita 8, ni nyuzi 30. Anza na mgongo, yaani upande wa pili usio na mwinamo: usugue uwe bapa kabisa kwenye sentimita 2 za mwisho, maana mgongo wenye vishimo vya kutu hautoi makali hata ukinoa kutwa. Kisha geuza unoe mwinamo kwa jiwe la kunolea namba 1000, hadi usikie kwa kidole kijipindo chembamba cha chuma upande wa pili kwa upana wote. Malizia kwa jiwe laini zaidi, ukipokezana pande mbili mpaka kijipindo kianguke.

Kwenye grenda, chovya chuma majini kila baada ya sekunde chache. Kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea mahali hapo. Makali hayatadumu hadi sehemu hiyo yote iondolewe.

Mipini

Usipige msasa. Ule weusi laini ni jasho na mafuta ya mikono ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa maji yenye sabuni kidogo, acha siku moja, kisha paka mafuta ya mbegu za kitani (linseed) kwa utando mwembamba. Baada ya dakika 20 futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke kimoja kimoja au vizamishe majini. Vikikunjwa pamoja hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Nyumba zimeungua kwa njia hii.

Weka vifaa mahali pakavu. Patasi na shoka visikae muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, asante kwa somo. Kichwa cha shoka la mzee kinacheza. Nimeambiwa nililoweke kwenye maji.*

Pole kwa msiba, ndugu. Maji yatalikaza leo na kulilegeza zaidi kesho: mbao huvimba, nyuzi zake hujiminya dhidi ya chuma, zikikauka zinabaki nyembamba kuliko mwanzo. Gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao huku shoka likining'inia kichwa chini, nacho kichwa kitapanda kwenye mpini. Kisha toa kabari ya zamani na upige mpya, nene kidogo, ya mbao ngumu iliyokauka. Mpini ukiwa na ufa karibu na kichwa, weka mpya na uutunze ule wa zamani.

*Skrubu ya randa imegoma kabisa.*

Tia mafuta ya kupenya, acha usiku mzima. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote wa skrubu, na ujaribu kwanza kukaza kidogo ndipo ulegeze. Ikikataa, rudia mafuta siku tatu. Ukilazimisha utavunja kichwa.

*Tuko ndugu wanne na sanduku ni moja. Tugawaneje?*

Msivunje kinachofanya kazi pamoja: randa na kisu chake, keekee na biti zake. Patasi zinaweza kutengana. Anayefanya kazi ya mikono apewe vya kukata, asiyefanya apewe rula, timazi au sanduku lenyewe, na picha zote kila mmoja awe nazo. Mwanafunzi wake wa ufundi msimsahau.

*Sanduku lake lina rangi ya zamani inayobanduka. Nipige msasa nipake mpya?*

Hapana. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Futa kwa kitambaa kibichi, ziba sehemu zinazobanduka kwa vanishi isiyo na rangi, na lisiwe la kuchezea.

*Na msumeno uliopinda?*

Ushike kwa mikono miwili, ukunje taratibu kinyume cha mpindo, kidogo kidogo, ukiuangalia kwa kufuata mstari wa meno kila mara. Kama umekunjika kwa kona kali, usiunyooshe kwa nyundo bila uzoefu. Utundike ulivyo.