Namna ya Kuandika Maoni Yenye Uzito Pale Eneo la Bustani ya Burudani Linapobadilishwa Maudhui

Habari ya kwamba eneo la bustani ya burudani litavuliwa maudhui yake ya zamani na kuvishwa mapya huwagawa wapenzi wake kwa siku moja tu. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2020, Disney ilipotangaza kuwa Splash Mountain, safari yake ya mashua zinazoporomoka majini, itageuzwa kuwa safari ya Binti Mfalme Tiana wa filamu ya The Princess and the Frog, na ndivyo inavyokuwa kwenye mabaraza yetu ya Unguja, ambako vijana wanaozifuatilia bustani za Marekani kwa video hubishana mpaka adhana ya Isha bila ya hata mmoja kuiandika hoja yake. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuyakusanya maoni ya wenziwe na kuyafikisha kwa wasimamizi, wawe wa bustani ya ng'ambo au wa viwanja vyetu vya kufurahishia watoto vya Kariakoo ya Unguja na Tibirinzi ya Pemba.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, andika juu ya karatasi ni kitu gani hasa kinachobadilika. Eneo la burudani lina mtambo na njia yake, lina hadithi iliyovishwa mtambo huo, na lina mazingira ya kuuzunguka, yaani vivuli, viti, vibanda vya chakula na njia za kupita. Mabadiliko mengi hugusa kimoja na kukiacha chengine. Splash Mountain ilipofunguliwa upya mwaka 2024, Juni kule Florida na Novemba kule California, mashua na mteremko wake wa takriban futi 50 vilibaki; kilichoondoka ni wahusika na nyimbo. Maelstrom, safari ya mashua katika banda la Norway huko Epcot, bustani nyengine ya Disney kule Florida, ilifungwa Oktoba 2014 na kurudi Juni 2016 kwa hadithi ya filamu ya Frozen katika mfereji ule ule. Lakini Jaws, safari ya filamu ya papa katika Universal Studios Florida, iliyofungwa Januari 2012, ilibomolewa, na mahali pake pakajengwa mitaa ya London ya Harry Potter iliyofunguliwa Julai 2014. Anayelalamika kwamba «wameiua safari yetu» wakati mtambo haukuguswa atapuuzwa na fundi yeyote atakayeisoma barua yake, na hoja nyengine nzuri alizonazo zitapotea pamoja na hiyo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kazi kubwa, na ningependa msomaji aipe muda kuliko zote. Usiwaulize watu kama wanaupenda mpango au hawaupendi. Waulize walikuwa wakifanya nini mahali hapo: walifika na nani, saa ngapi, walikaa wapi, walikula nini, na nini kiliwafanya wasiondoke mapema.

Pa kujizoeshea tunapo, napo ni Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe. Jina lenyewe linakumbusha forodha. Mwaka 1936 pakatengenezwa bustani ya jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub. Na mwaka 2009 pakafunguliwa tena baada ya matengenezo ya Aga Khan Trust for Culture. Nilipomuuliza bibi mmoja wa mtaani kwetu anaikumbuka vipi bustani ya zamani, nilitarajia ataje taa, maua au njia za kupitia. Aliniambia: «Mwanangu, mimi nilikuwa nakaa pale ukutani na watoto, tunapigwa na upepo, mpaka wakachoka wenyewe.» Katika sentensi moja alikuwa ametaja kiti, upepo, usalama wa watoto na kukaa bila ya kulazimika kununua kitu. Vijana wanaopiga makachu, wakijirusha baharini kutoka ukuta huo huo huku wageni wakiwapiga picha, nao wanautumia kwa namna ambayo mchoraji wa ramani asingeiona asilani kama hakufika jioni maji yakiwa yamejaa. Maoni ya aina hii ndiyo yanayomfaa msimamizi, kwa sababu yanamwambia kitu gani asikibomoe hata akibadilisha kila kitu chengine.

Kwa kipimo hicho hicho utayaelewa vyema malalamiko ya Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, ambako Rivers of America, mto wa kutengenezwa uliokuwa na meli yake, na kisiwa cha Tom Sawyer vilifungwa Julai 2025 ili kupisha eneo la filamu ya Cars. Ukiyasoma kwa haraka utadhani watu wanaililia meli ya magurudumu, ilhali wengi wanaeleza habari ya maji, miti na mahali pa kupumzika katikati ya kelele. Anayekusanya maoni aandike haja hiyo kwa jina lake, yaani kivuli na utulivu, kwa sababu haja hiyo inaweza kutimizwa hata ndani ya maudhui mapya, lakini meli haiwezi kubakishwa.

Baada ya hapo zitenge sababu. Mazoea ni sababu ya kweli na hayana haja ya kuonewa haya, lakini yaandikwe kuwa ni mazoea. Mwaka 1998 wapenzi wa Mr. Toad's Wild Ride, safari nyengine ya Disney, walijitokeza hadharani kuitetea, na bado ikafungwa Septemba ya mwaka huo kule Florida, ingawa ile ya California ipo mpaka leo. Yenye nguvu zaidi kuliko mazoea ni hoja ya mahali. Waliopinga Frozen kuingia Epcot walisema kwamba banda la nchi ya kweli halistahili kupewa hadithi ya ufalme wa kubuni, na hoja hiyo hata asiyewahi kupanda mashua ile anaweza kuipima.

Ipo pia hoja ya heshima, na kwangu mimi hii hutangulia. Splash Mountain ilijengwa juu ya filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa kwa miaka mingi kwa namna ilivyowaonesha watu weusi wa kusini mwa Marekani. Sisi ambao historia yetu husimuliwa na wengine mbele ya watalii kila siku tunajua uzito wa jambo hilo, kwa hiyo pakitokea mtu barazani kusema kuwa maudhui ya zamani yalimdhalilisha, neno lake liandikwe hata akiwa peke yake.

Katika jambo moja Mswahili ana haki ya kusikilizwa kuliko mpenzi mwengine yeyote. Katika Disney's Animal Kingdom, bustani ya Florida iliyofunguliwa Aprili 1998, upo mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa kuiga pwani ya Afrika Mashariki na hasa Lamu, wenye kuta zilizochakaa kwa makusudi, maandishi ya Kiswahili na vibanda vyenye majina kama Dawa Bar na Tamu Tamu. Katika bustani hiyo hiyo, DinoLand U.S.A., eneo la dinosaria, imeshatangaziwa kugeuzwa kuwa eneo la nchi za Amerika za joto. Jizoesheni kwa swali hili: Harambe nayo ingepangiwa mabadiliko, mngeandika nini? Tazameni picha zake na muulizane kama baraza zimewekwa pale mtu anapoweza kukaa kweli, kama mlango uko upande ambao mlango wa mji wa mawe ungekuwa, na kama Kiswahili cha ukutani ni cha mtu anayekizungumza. Karatasi yenye mambo matatu ya namna hiyo, yaliyoelezwa na watu waliokulia Mkunazini au Chake Chake, haiwezi kuandikwa na mtu mwengine.

Kuhusu ukusanyaji wenyewe nitasema machache. Ukitaka kuita watu katika shehia, pita kwanza kwa sheha. Usiulize siku za Idd peke yake, kwa sababu siku hizo watoto wana fedha za sikukuu mkononi na kila pembea ni tamu. Rudi jioni ya kawaida. Wazazi waulize mbali na watoto wao, na wauzaji wa urojo na maji ya miwa usiwasahau, kwani wao huwepo kila siku.

Barua isizidi kurasa mbili. Ianze kwa kusema mmeulizana watu wangapi, wa umri gani na wapi, na kama ni kumi na wanne iandikwe kumi na wanne, wala isiandikwe «wananchi wote». Sentensi isemayo «msibadilishe, tumepazoea» haimpi msomaji pa kushika. Sentensi isemayo «wazazi tisa kati ya kumi na wanne hukaa upande wa miti kwa sababu kutoka hapo wanaiona pembea, kwa hiyo tunaomba viti vibaki upande huo hata rangi na michoro ikibadilika» ina kitu kinachotendeka. Maoni ya waliokubali mpango yawekwe katika barua hiyo hiyo, kwa maneno yao wenyewe.

Weka nakala yenye tarehe, na eneo likishafunguliwa rudi na maswali yale yale kwa watu wale wale. Wengi huacha hapa, na ni hasara, kwani uamuzi wa kwanza huwa si wa mwisho kila mara. Tomorrowland, eneo moja la Disneyland ya California, ilipobadilishwa mwaka 1998, jengo la Space Mountain lilipoteza weupe wake na kupakwa rangi za shaba na kijani. Mwaka 2005, bustani ilipotimiza miaka 50, jengo hilo lilikuwa limesharudishiwa weupe wake.