Mandolini kuukuu: chungulia tunduni kwanza

Ukikuta mandolini ya zamani, ala ndogo ya nyuzi kama gitaa, inauzwa Ngamiani, Tanga, usianze na bei. Washa tochi ya simu usome lebo ndani ya tundu la sauti. Ikiwa imeandikwa "West Germany", ni ya kati ya 1949 na 1990. Ila umri peke yake hauipandishi thamani. Tazama pia ukingo wa tundu hilo: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja, ni mbao nzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi, na bei ishuke.

Kinachoziua nyingi ni shingo. Nyuzi nane, jozi nne, zinaivuta usiku na mchana, na joto la pwani pamoja na unyevu hulegeza gundi. Pima nafasi kati ya uzi na freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo) ya 12: milimita 2 ni nzuri, zikizidi 3 vidole vitaumia. Daraja (kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya ubao wa mbele) likiwa limeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, shingo imepinda au imeachia kwenye kiungo. Kuirudisha kunaweza kuzidi bei ya chombo chenyewe. Achana nayo.

Sauti ikipotoka kadiri unavyopanda freti, usiikatae. Daraja halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu, hivyo husogezwa. Hata kutu kwenye funguo za kukazia nyuzi mara nyingi hutaka tone la mafuta tu. Lakini gonga ubao wa mbele taratibu: ukisikia kitu kikicheza ndani, mhimili (kijiti cha ndani kinachoutegemeza ubao) umebanduka, punguza gharama ya fundi kwenye bei.

Yenye mgongo wa duara ifunge nyuzi nyembamba; nene huzamisha ubao.