Kupandisha watoto Taita mwezi wa Agosti: maelekezo ya mchuuzi wa kabichi

Nauza mboga soko la Kongowea, Mombasa, na kabichi zangu nyingi hushuka kutoka Wundanyi, juu ya milima ya Taita. Miaka na miaka nilipanda milima ile, nikapakia, nikashuka, wala sikuwahi kumchukua mtoto hata mmoja. Aliyeniamsha ni shemeji yangu aliye Marekani. Kila Oktoba huturushia picha: watoto wamepakiwa juu ya nyasi kavu kwenye trekta, maboga yamepangwa uwanjani, na milima nyuma yao majani yamekuwa rangi ya kutu. Mama watoto akaitazama simu, akanitazama mimi. "Na wewe huko unakokwenda kila wiki hakuna milima?"

Tumeshakwenda mara sita. Nawapa niliyojifunza, hasa yale niliyoyakosea.

Nendeni likizo ya Agosti. Huku Mombasa ni kipupwe, kusi inavuma na tunalala bila feni. Upepo huohuo ukifika Taita hugonga mlima na kugeuka ukungu na manyunyu. Usipime baridi ya kule kwa baridi ya Kisauni. Mara ya kwanza mke wangu alitia kwenye begi chupa ya mafuta ya nazi ya kuwapaka watoto. Asubuhi alipoitoa yalikuwa yameganda, meupe pepepe, na bintangu wa mwisho akalia kwamba mafuta yake yamebadilishwa kuwa samli. Ikabidi chupa iogeshwe kwenye beseni la maji moto ndipo mtoto apakwe. Kwa hivyo: sweta mbili kila mtoto, soksi za kulalia, na viatu vya kufunga. Ndara ziacheni nyumbani. Njia za kule ni udongo mwekundu unaoteleza ukilowa, na mwanangu wa kati alishuka na ndara moja, ya pili iko mpaka leo kwenye shamba la mtu.

Kwenda, pandeni gari la moshi la asubuhi kutoka Miritini, lile linalosimama vituo vyote, mshuke Voi. Si lile la haraka. Fikeni mapema, maana mizigo hukaguliwa na mbwa na mitambo, na kisu cha kukatia maembe usikitie kapuni. Ombeni viti vya mkono wa kulia mnapokwenda, kwa sababu Tsavo Mashariki iko upande huo. Sikuahidi ndovu. Tumewaona safari tatu kati ya sita, wekundu kama matofali kwa ule udongo wanaojimwagia. Watoto waambie hivyo kabla, wasije wakabisha kwamba ndovu wa kitabuni ni wa kijivu.

Kutoka stesheni ya Voi mtahitaji teksi au boda mpaka mjini, halafu matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Mpaka Mwatate ni tambarare. Baada ya hapo ni kona juu ya kona, na hapo ndipo matumbo ya watoto husema. Mtoto asinywe chai ya maziwa asubuhi ile. Mpe mkate mkavu, mkalishe karibu na dirisha, na mshikishe nusu ya ndimu awe anainusa. Tangu tuanze ndimu hatujamlipa utingo pesa za kuosha gari.

Gesti Wundanyi zipo za kawaida. Swali la kuuliza si televisheni. Uliza blanketi ni ngapi kwa kitanda, na maji ya moto yanapatikana saa ngapi. Kama mnakula halali kama sisi, uliza pia nyama imechinjwa na nani; watu wa pale hawachukii kuulizwa. Na mkikaribishwa kinywaji nyumbani kwa watu, jueni kwamba mbangara si maji ya miwa, ni pombe.

Sasa mambo yenyewe. Kama mna siku moja tu, itumieni msitu wa Ngangao. Ni mdogo, kama hekta 120 hivi, umebaki juu ya mlima huku mashamba yameuzunguka pande zote. Nilikuwa nikiupita nikidhani ni kichaka cha kuni. Kumbe milima hii ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya ule mlolongo wa milima ya kale unaopanda kutoka Tanzania, na muna viumbe ambavyo havipatikani popote pengine duniani. Chukueni kiongozi wa pale pale, mpatane bei kabla ya kuingia, na muingie asubuhi.

Watoto hawajui kutembea kimya, basi msiwatembeze. Kaeni. Sisi tulikaa kwenye gogo, ukungu unadondoka majanini kama mvua iliyosahau kuacha, na kiongozi akatuonyesha kwa kidevu. Ndege mmoja, ukubwa wa kuku mchanga, kichwa cheusi, mdomo rangi ya chungwa, ubavuni mwekundu wa kutu. Alikuwa chini anapekua majani makavu: analitupa moja kushoto, anasimama, anasikiliza, analitupa jingine kulia. Mwanangu wa kati, ambaye nyumbani hakai dakika mbili, alimkazia macho mpaka akapotea. Yule ni ndege wa Taita tu. Msitu ukiisha naye basi. Kwa hivyo mtoto asing'oe kitu, hata ua, hata kama ni dogo.

Mapango ya mafuvu ni jambo la kufikiri kwanza. Zamani Wataita walikuwa wakimzika mtu, kisha baada ya muda fuvu linafukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya wazee waliotangulia. Dini ngeni zilipokuja, desturi ikakoma, lakini mafuvu mengine yangali yamepangwa vile vile. Mimi humpeleka mtoto aliyefika miaka kumi, kwa ruhusa ya wenyeji, na simu inabaki mfukoni. Bintangu mkubwa alimuuliza mzee aliyetupeleka, "Babu, hawa ni kina nani?" Mzee akamjibu, "Ni majirani zangu." Hakuuliza tena, na njia nzima ya kurudi alinishika mkono, yeye ambaye siku hizi hataki kushikwa.

Vuria ndio mlima mrefu kuliko yote kule, mita 2,208. Watu watawaambia mtaona Kilimanjaro. Ni kweli inaonekana, siku mbingu zikiwa safi. Agosti ni bahati nasibu. Mara mbili nimepanda nikaona milingoti ya mawasiliano na shingo ya mke wangu. Mkiamka mkakuta ukungu umekaa, msihangaike.

Badala yake ulizeni ni kanisa gani lina sherehe ya mavuno Jumapili hiyo. Huko makanisani watu huleta walichovuna, na baada ya ibada hupigwa mnada nje. Sisi ni Waislamu, tulisimama uwanjani na hakuna aliyetushangaa. Boga moja lilinadiwa, nikasema bei yangu ya Kongowea. Bibi mmoja mwenye leso akapandisha. Nikapandisha. Watoto wangu wakaanza kushangilia, tena wakimshangilia yeye! Nilipomshinda nilikuwa nimelipa boga bei ya mbuzi wa miguu mitatu. Bibi akacheka, akaja akaniambia, "Mwanangu, ningekupa mawili bure nyumbani." Tukaenda kweli. Watoto wakapewa fimbo wapure maharagwe kwenye turubai, kazi ambayo kwao ilikuwa mchezo na kwa bibi ilikuwa nusu siku imeokolewa. Tukala kimanga, viazi vilivyopondwa na maharagwe, moto moto kwa mkono. Hakuna kiingilio cha jambo kama hilo. Chukueni sukari na majani ya chai mkononi, msiingie kwa watu mikono mitupu.

Siku ya kurudi ondokeni asubuhi, msingoje matatu za jioni kwenye kona zile na watoto wenye usingizi. Mboga nunueni mwishoni kabisa. Kabichi chagua nzito, inayolia ukiibana, na waambie wasiivue majani ya nje, ndiyo blanketi yake mpaka Mombasa. Makadamia na maparachichi magumu hubeba vizuri. Sukuma wiki msibebe. Itafika imelala, na mimi mwenyewe nitawauzia iliyo mbichi zaidi.