Somo: Kabla hujarusha mtandaoni picha za porini na za mkutano

Ndugu wanachama, kila baada ya safari ya utafiti naulizwa jambo lile lile: nikiacha kutaja jina la msitu, si inatosha kuficha mahali kiumbe alipo? Haitoshi. Kwa kuwa nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, naliweka hapa kwa hatua, ili kila mwenye picha ya kiumbe au ya mtu ajue la kufanya kabla hajaituma.

Hatua ya 1. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, na koordinati, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa, uziandike kwenye daftari la utafiti.

Hatua ya 2. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama picha ya kawaida. Ukiituma kama faili ili ubora usipungue, koordinati zilizomo husafiri nayo.

Hatua ya 3. Kagua mandhari. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mchukueni mjusi wa buluu wa Kimboza, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye majani ya mikadi katika msitu ule mdogo wa Morogoro. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga waliwakamata kwa maelfu, na wakamataji wengine walikata mikadi yenyewe ili kuwafikia, hata mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukamwingiza kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali kuliko vyote. Kwamba anaishi Kimboza si siri. Siri ni mikadi ipi, kando ya njia ipi. Picha isiyo na koordinati hata moja bado inaweza kuonyesha jabali la chokaa lenye umbo lake, kibao cha mpaka wa hifadhi, au kona ya kijito ambayo kila mwenyeji anaijua. Kata picha ibaki jani na mjusi. Usiirushe ukiwa bado kambini, wala usimtaje kijana aliyewaongoza, maana mkamataji atakayefuata atamtafuta yeye kwanza. Tena angalieni maoni yaliyo chini ya picha: mara nyingi siri huvujia hapo, pale mwenzetu mwenye nia njema anapoandika, "Hapo napafahamu, ni juu kidogo ya daraja." Maoni ya namna hiyo yafute mara moja, kisha umweleze mwenyewe faraghani kwa nini umeyafuta.

Hatua ya 4. Mtu anayeonekana kwenye picha aombwe ruhusa, na kwa mtoto aombwe mzazi au mlezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ridhaa ya kushiriki utafiti si ruhusa ya kurushwa mtandaoni. Ni maombi mawili tofauti, na mwanakijiji ana haki ya kukubali moja akakataa jingine.

Hatua ya 5. Mkutanoni, slaidi ya mwenzako yenye matokeo ambayo hayajachapishwa haipigwi picha bila idhini yake.

MASWALI

Mwanachama, Arusha: Sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi, naruhusiwa kuposti au siruhusiwi?
Jibu: Soma hatua ya 3.

Mwanafunzi, Dodoma: Shikamoo Mwalimu. Je, iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe tulivyoviona, nayo ni hatari? Nimeona ramani inaonyesha nukta mbali kabisa na nilipokuwa.
Jibu: Marahaba, umeangalia vizuri. Kwa spishi nyingi zilizo hatarini, iNaturalist huficha mahali halisi na kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kila upande, yaani kama kilomita 22 huku kwetu karibu na ikweta. Spishi ambayo haijawekewa ulinzi huo unaweza kuificha mwenyewe. Ila zingatia jambo moja: ukimficha mjusi, kisha ukamwacha wazi kipepeo wa kawaida uliyempiga picha hatua chache kutoka hapo, mwenye kufuatilia picha zako za siku hiyo atajua ulipokuwa. Vyote vya eneo lile vifiche pamoja.

Mwanachama, Nairobi: Sheria ya Tanzania inatuhusu nini sisi wa Kenya?
Jibu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ina Kamishna wake. Hatua zote tano zinakuhusu.

Mwanachama, Iringa: Kuna mtu amechukua namba zetu kwenye kundi la chama, sasa anatutumia matangazo ya bima. Tufanyeje?
Jibu: Namba zilitolewa kwa shughuli za chama, na kuzitumia kwa biashara yake ni kosa. Nitumie ujumbe wake faraghani, usiurushe kundini, kwa kuwa na yeye namba yake ni taarifa binafsi.

Mwanafunzi, Dodoma: Samahani Mwalimu, la mwisho. Mtu akirusha picha ya spishi mpya na kuipa jina huko huko Facebook, jina hilo linahesabika?
Jibu: Halihesabiki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka chapisho rasmi, na tangu mwaka 2012 chapisho la kielektroniki linakubalika likisajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, pamoja na masharti mengine. Lakini usitulie kwa hilo: mwingine anaweza kuiona picha, akaenda kukusanya vielelezo vyake na kuchapisha kabla yako, na jina litakalosimama ni lake.

Mwanachama, Tanga: Mimi juzi nilituma kama faili kundini. Bado nina muda?
Jibu: Ifute kwa wote sasa hivi, WhatsApp inaruhusu kwa zaidi kidogo ya siku mbili. Ukikuta imekataa, nijulishe usiku huu huu tuwaandikie waliokwisha kuipakua.