Mtoto akipaliwa na punje ya mahindi au haragwe, fanya hivi kabla hujakimbilia bodaboda

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Leo somo ni mtoto kupaliwa, maana huku Mbeya tumeshaanza kupukuchua mahindi na kupiga maharage, maturubai yametandikwa kila uwanja kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu chochote akiokota kinaenda mdomoni. Mimi ni nesi. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alipaliwa na mahindi ya kuchemsha mbele ya watu sita, huyu anampiga utosini, huyu anamnywesha maji, mwingine kashakimbia barabarani kutafuta usafiri, nimefika midomo imeshakuwa ya bluu. Alipona, Mungu mkubwa. Ila wote sita walikuwa wanampenda, hawakujua tu cha kufanya.

Kwanza kabisa sikiliza, anakohoa? Kama anakohoa kwa nguvu, analia sauti inatoka, muache akohoe, kaa nae mwambie kohoa mwanangu kohoa. Maji usimpe. Ila kama kikohozi hakina sauti, analia kimya kimya, anashika shingo, rangi inabadilika, hapo hewa imeziba na ubongo hauwezi kusubiri ufike hospitali, piga kelele watu waje huku mikono yako imeshaanza kazi.

Aliyezidi mwaka 1: muinamishe mbele, mdogo mlaze mapajani kichwa chini, piga mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kila pigo angalia kama kimetoka. Bado? Piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, ngumi juu kidogo ya kitovu (usipande kwenye mfupa wa kifua), mkono wa pili ushike ngumi, vuta ndani na juu kwa haraka mara 5. Rudia mgongo 5, tumbo 5, mpaka kitoke au alegee.

Chini ya mwaka 1 tumbo USIBONYEZE, utaumiza ini. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono uegemee paja, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, shika taya sio koo, piga mgongoni 5. Mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Rudia hivyo hivyo.

Akizimia mlaze chini pagumu, bonyeza kifua mara 30, angalia mdomoni, kitu ukikiona kitoe, usipokiona usiingize kidole maana unakisukuma ndani zaidi, mpulizie pumzi 2, endelea. Mwenzako ndo atafute gari.

MASWALI

Mafinga: Bibi anasema mshike miguu umning'inize, ni kweli?
Jibu: Hapana dada, anaweza kukuponyoka akaumia kichwa na shingo. Kichwa kiwe chini ila mwili wote umeushikilia.

Tukuyu: Wangu alipaliwa na karanga wiki mbili zilizopita ikaisha yenyewe, sasa anakohoa, kifua kinapiga filimbi, duka la dawa wamenipa sirapu tu.
Jibu: Mama, kesho asubuhi nenda hospitali na neno la kwanza umwambie daktari "alipaliwa na karanga". Usipolisema atatibiwa nimonia. Karanga au haragwe linaweza kushuka likakaa kwenye njia ya hewa ya pafu, haragwe linanyonya unyevu linavimba, na eksirei inaweza ikatoka safi kabisa kumbe lipo. Ukiandikiwa rufaa usikatae, wana mrija wenye kamera wa kulitolea.

Njombe: Mwiba wa samaki je, si anameza tonge la ugali?
Jibu: Tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Kama anapumua vizuri usimbonyeze popote, mpeleke utolewe.

Makambako: Kikishatoka na anacheza, bado niende hospitali?
Jibu: Kama ulimvuta tumbo ndio, nenda, akaangaliwe kama hajaumia ndani. Na kama bado anakohoa pia nenda.

Iringa: Karanga aanze umri gani?
Jibu: Nzima nzima asubiri miaka 5, kabla ya hapo msagie kwenye uji. Mahindi ya kuchemsha mpondee, na akila akae chini, sio anatafuna huku anakimbizana na wenzie. Siku ya kupiga maharage mdogo abebwe mgongoni mpaka turubai likunjwe.