Kiungo kikigoma, usikilazimishe
Ukiokota kiaskari cha plastiki cha zamani kwenye mitumba ya soko la Darajani, Unguja, usikikunje goti papo hapo; utabaki na mguu mkononi. Kitie kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa kidole, dakika mbili tatu, kisha kizungushe kiungo taratibu. Mafuta ya nazi hapana, yanavuta vumbi na baadaye yananuka. Kwa G.I. Joe, viaskari wale wadogo wa kampuni ya Hasbro ya Marekani wa 1982, miguu ikining'inia, mara nyingi ni kipete cha mpira ndani ya kiuno kimechoka: fungua skrubu ya mgongoni (hewa yetu ya chumvi huitia kutu) ukibadilishe. Na muuzaji akikwambia "kizima kabisa", muulize: viungo vimekaza, vimelegea au vimegoma? Kukaza ni sifa. Kugoma, omba apunguze bei.