Kupima dawa za kulevya kwenye mate yaliyokaushwa

Njia hii inafaa pale sampuli inaposafiri kwa basi kutoka Arua au Kisoro hadi Kampala bila barafu. Kwenye mate mabichi yaliyopata joto, kokeini hugeuka polepole kuwa benzoilekgonini (zao la kuvunjika kwake). Yakikauka kwenye kadi ya karatasi ya kufyonza, mgeuko huo hupungua sana.

Hatua ya 1: Kukusanya
Mhusika akae dakika 10 bila kula, kunywa wala kuvuta, kisha achuruzishe mate kwenye kichupa cha glasi. Usimpe chingamu wala ndimu, kwani mate ya kuchochewa huwa na kokeini na kodeini pungufu. Mtafuna mairungi asukutue kwanza, kabla ya zile dakika 10. Zungusha kwenye sentrifuji, uchukue maji ya juu.

Hatua ya 2: Kudondosha na kukausha
Kazi nyingi huharibikia hapa. Mate hayana rangi. Yakishakauka huwezi kuona doa liko wapi. Dondosha mikrolita 50 kwenye kadi ya Whatman 903, na papo hapo, ukingo ukiwa bado unang'aa, uzungushie penseli kwa nje. Usitumie kalamu: wino huyeyuka kwenye methanoli na kuchafua sampuli.

Kadi ilale juu ya kitu chenye matundu, doa lisiguse meza. Katika hewa kavu saa 3 zinatosha. Msimu wa mvua, hasa karibu na ziwa, hazitoshi kabisa: kadi huonekana kavu kumbe ina unyevu, ukiifunga kwenye mfuko inaota ukungu. Iache usiku kucha kwenye kopo lenye silika (chembe za kunyonya unyevu) inayobadili rangi, na kama asubuhi silika imebadilika, weka mpya usubiri tena. Usianike juani wala kupuliza kwa hewa ya moto. Mwanga huharibu THC ya bangi, na joto hupeperusha amfetamini.

Hatua ya 3: Kutoa dawa kwenye kadi
Kata doa zima, si kipande cha katikati, maana dawa hazisambai sawasawa. Tia kwenye kichupa cha glasi (THC hung'ang'ania plastiki), ongeza mikrolita 500 za methanoli yenye viwango vya ndani vya deuteriamu (dawa zilezile zenye hidrojeni nzito, kwa kiasi kinachojulikana, za kulinganishia), tikisa dakika 30. Hamisha methanoli, ongeza mikrolita 10 za methanoli yenye asidi ya hidrokloriki asilimia 1, ndipo ukaushe kwa naitrojeni. Bila asidi hiyo amfetamini inaweza kupotea hewani. Yeyusha upya kwa mikrolita 100 za maji na methanoli nusu kwa nusu.

Hatua ya 4: Kupima
Tumia LC-MS/MS (mashine inayotenganisha dawa kisha kupima uzito wa ioni zake), ioni mbili kwa kila dawa. Kokeini huanzia ioni ya uzito (m/z) 304 kwenda kipande cha 182. Miongozo ya Marekani ya kupima wafanyakazi wa serikali kuu huthibitisha THC kuanzia nanogramu 2 kwa mililita. Kwenye doa lako hiyo ni nanogramu 0.1 tu, na ukidunga mikrolita 5 mashine inapata pikogramu 5 hata kama hakuna kilichobaki kwenye karatasi. Kama mashine haioni kiasi hicho, usiripoti "hakuna bangi".

Viwango vya kulinganishia navyo vidondoshwe kwenye kadi zilezile na kukaushwa siku hiyohiyo. Kiwango cha ndani kimeingia na methanoli, kwa hiyo hakikuonyeshi dawa iliyogoma kutoka kwenye karatasi.